Makungu, Winga wa Kushoto

Ijumaa, 10 Oktoba 2025. Ibra, Omani.

Leo nimeingia rasmi kwenye majlisi, baraza ya wageni, ya Bwana Said, baba yake Hafidha. Hafidha mwenyewe ameshanikubali tangu Ramadhani. Kilichobaki ni baba. Mwalimu mstaafu, mzaliwa wa Unguja, kasomea chuo Nairobi, kaja Omani mwaka wa sabini na sita. Nilitazamia atanipima kwa sala, kazi na ukoo. Wapi! Watu wake anawapima kwa raga.

Kila Ijumaa baada ya alasiri huja rafiki yake Mzee Hud, kahawa ikamiminwa, wakakaa kuteua wachezaji saba bora wa Kenya wa zama zote. Wameanza mwaka jana. Hawajamaliza. Kayange wamekubaliana. Ayimba wamekubaliana. Vita iko kwa winga. Hud anasema Injera na hataki kusikia mwengine. Bwana Said anasema wa zamani wamesahauliwa.

Na nani kaketi kuliani kwa Bwana Said? Musallam! Muuza simu! Kavaa jezi ya Kenya juu ya dishdasha, kanzu ya Kiomani. Juu! Naye anamtaka Hafidha, Ibra nzima inajua. Akaitaja fainali ya Singapore ya 2016, Kenya ilivyoifunga Fiji, mpaka matokeo anayo kichwani. Thelathini kwa saba. Bwana Said akamsogezea sahani ya halwa.

Mimi halwa ikanipita. Nikaona lazima niseme kitu. Raga siijui, mpaka juzi nilidhani ule mpira umebonyea. Nikasema, na Makungu je? Winga wa kushoto, mwaka wa sabini na nne. Jina limetoka wapi sijui. Limetoka tu. Nikaongeza kwamba alichezea timu ya chuo kile kile cha Bwana Said, ili nimpendeze mzee.

Bwana Said akanitazama muda mrefu. Kisha halwa ikaja kwangu.

Jumamosi, 11 Oktoba.

Ujumbe wa Hafidha asubuhi. Anauliza huyo Makungu ni nani, maana baba yake kamtaja mezani mara tatu na kila mara anacheka peke yake. Anacheka! Dalili njema. Nikamjibu ni mchezaji mkubwa mno. Akaniandikia kwamba baba yake haulizi mali wala cheo, anataka mkwe mwenye kauli ya kweli, basi. Nikamwambia kwa hilo alale usingizi.

Nikaamua kumpelekea mzee makomamanga ya mlima wa Jabal Akhdar, kwa kuwa huu ndio msimu wake. Nimeendesha karibu saa mbili mpaka Birkat al Mauz, chini ya mlima. Kwenye kizuizi askari akaitazama gari yangu ndogo, akatabasamu, akanigeuza. Mlimani hupandi bila ya gari inayovuta kwa magurudumu yote manne. Nikanunua makomamanga duka la njiani. Jioni nikamkabidhi Bwana Said, nikasema nimeyachuma kwa mkono wangu kule juu, baridi ilikuwa kali. Akabandua kikaratasi kwenye moja, akakisoma. Misri. Akakibandika kwenye sinia. Haoni vizuri siku hizi, maskini.

Jumapili, 12 Oktoba.

Mzee Hud kanikamata sokoni, mbele ya wauza samaki. Anataka kujua Makungu wa nani.

Hapa ndipo nilipojisahau. Wazee wetu hawa wa Unguja humtaji mtu mbele yao ukaachiwa kwenda zako. Mwana wa nani? Mtaa gani? Mama yake nani? Nikasema sina hakika. Hud akakasirika. Ala! Kwani si yule wa Kikwajuni, ambaye nduguye alikuwa fundi saa, na mama yao akikaa Vuga kwa dada yake? Nikasema huyo huyo. Akafurahi kama mtu aliyeokota pochi yake mwenyewe. Akaapa, wallahi, kamwona kwa macho yake akifunga trai, ndilo bao la raga, Nairobi siku ya mvua kubwa, viatu vimemtoka.

Ninavyojua mimi, Hud hakupata kufika Nairobi.

Basi Makungu sasa ana mama, ana ndugu, ana mtaa. Hana viatu tu. Nimerudi nyumbani nikiimba.

Jumatatu, 13 Oktoba.

Nimesoma raga ofisini siku nzima, simu nimeificha ndani ya faili. Kumbe mpira unarushwa nyuma! Timu nzima inakwenda mbele kwa kurusha nyuma. Ni kama idara yetu. Mkuu wangu akapita, akauliza ninasoma nini kwa bidii vile. Nikasema mafunzo ya uongozi.

Hafidha hajaandika leo. Atakuwa na masahihisho ya wanafunzi wake.

Jumatano, 15 Oktoba.

Msiba!

Hud alishaisambaza habari ya Makungu mpaka dukani kwa Musallam. Na Musallam, mjanja yule, kaenda kwa Bwana Said kusema kwamba Makungu ni mjomba wa mama yake! Yuko hai. Yuko mji wa Mudhaibi. Ijumaa atamleta kwa chakula cha mchana. Bwana Said kaagiza mbuzi.

Nimekaa kitini saa nzima. Mtu niliyemzaa kwa ulimi wangu mwenyewe kageuka mjomba wa adui yangu! Nikikanusha, nimekwisha. Nikinyamaza, Musallam anaoa kwa jina la mjomba wa uongo, na ni uongo wangu mimi, si wake!

Lakini nina mpango. Kesho naomba ruhusa, naenda Mudhaibi. Mzee yeyote anaweza kuugua ghafla.

Alhamisi, 16 Oktoba. Mudhaibi na kurudi.

Yupo. Makungu mzima, wa nyama na damu, na jina ni lake kweli. Ana miaka themanini, na maisha yake yote ya Omani aliendesha gari la maji. Goti la kulia bovu. Ana kijishamba cha majani ya mbuzi na nyumba ya vyumba viwili. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba kwa furaha ya mtu ambaye hajaisikia salamu hiyo siku nyingi.

Raga haijui kabisa. Musallam kamwambia tu kwamba Bwana Said wa Ibra anamwalika chakula. Nikamshauri kwa upole augue. Nikamwambia barabara ina mashimo, mbuzi ana mafuta, na wazee wa Ibra wana maneno mengi. Akacheka. Akasema tangu mkewe afariki, mwaka wa tatu huu, hajaalikwa na mtu. Akanionyesha dishdasha aliyokwisha kuipiga pasi, na kilemba kipya, na kopo la halwa la kupeleka. Akaniuliza kama halwa moja inatosha au ni aibu.

Nikasema inatosha.

Njiani nimejiona mtu mbaya sana. Hali hiyo imenikaa mpaka karibu na Ibra.

Ijumaa, 17 Oktoba.

Niandike kwa utaratibu.

Makungu kaketishwa mahali pa heshima, Musallam pembeni yake kama mlinzi. Chakula kikaliwa. Kisha Mzee Hud akamwomba asimulie ile trai ya siku ya mvua. Makungu akasema hajacheza mchezo huo katu. Hud akapiga paja. Mnaona unyenyekevu wa watu wa zamani! Makungu akaapa. Hud akazidi kumpenda. Kadiri mzee alivyokanusha ndivyo Hud alivyopandisha sifa, na mpaka Injera wake akamtupa, akatangaza winga ni Makungu na kikosi kimekamilika.

Musallam akaleta mpira wa raga kutoka garini. Anataka picha. Akamshika mzee mkono amwinue, akimbie nao hatua mbili tatu. Goti likakataa. Mzee akarudi chini kwa uzito, kilemba kikamkaa upande. Mimi nilikuwa karibu, nikamshika. Akaninong'oneza, bila ya hasira, kwamba alidhani wamemwita yeye.

Nikasimama. Sikupanga! Nikasema wamwache. Nikasema huyo mchezaji hajapata kuwepo, nimemzua mimi, hapa hapa, Ijumaa iliyopita, kwa sababu Musallam alipewa halwa na mimi namtaka Hafidha. Nikasema na makomamanga sikuyachuma. Hilo sijui kwa nini nililisema, hakuna aliyeuliza.

Musallam alikuwa anatabasamu mpaka masikioni. Hud akasema hata hivyo yeye alimwona.

Bwana Said akaweka kikombe chake chini. Akasema timu ya chuo mwaka wa sabini na nne anaikumbuka vizuri, maana winga wa kushoto alikuwa yeye.

Nilitaka zulia linimeze.

Akasema amengoja wiki nzima aone nitasema siku gani. Waongo kaona wengi, alifundisha shule miaka thelathini. Lakini mtu wa kujivua nguo mwenyewe mbele ya mshindani wake, ili mzee asiyemhusu apumzishe goti, huyo hakumtarajia. Kisha akahama kitako, akakaa na Mzee Makungu, akamtaka radhi, akamwambia kuanzia leo anaalikwa kwa jina lake na kila Ijumaa gari itamfuata. Akamuuliza habari za gari la maji. Mzee alisimulia mpaka magharibi! Kapeleka maji vijiji ambavyo barabara haikuvifikia. Hud ndiye aliyemmiminia kahawa.

Mlangoni Bwana Said akaniambia niwalete wazee wangu Ijumaa ijayo. Hakusema kwa nini. Hafidha kaniandikia kwa nini. Nimeusoma ujumbe wake mara kumi na moja, na nina furaha ambayo siwezi kuiandika vizuri.

Jumapili, 19 Oktoba.

Mtu mpya! Nimetubu. Nimemwahidi Hafidha sitasema tena jambo nisilolijua. Akasema ananiamini.

Saa nne kapiga simu Bwana Yaarub, kaka wa mama yake Hafidha, kutoka Sur. Kabla ya posa anataka kunisikia. Mtu mkarimu, sauti nzito. Kumbe anafuga ngamia wa mbio, na kwao bwana harusi hukimbiza ngamia sambamba na mjomba wa bibi harusi, wameshikana mikono, wageni wanatazama. Akauliza kama nimepata kupanda.

Nikamwambia nimekulia mgongoni mwa ngamia. Akafurahi mno. Akasema basi atanichagulia yule mwenye kasi.

Nimeanza kusoma kwenye simu namna ya kumsimamisha ngamia. Haionekani kuwa kazi ngumu.