Waraka wa Uso Uliokunjamana

Kwa furaha kubwa na unyenyekevu wa kiofisi, napenda kuutangazia umma kwamba Kitengo chetu cha Mapokezi ya Taarifa za Tembo, chenye makao Kilosa mjini, kimekamilisha tafsiri rasmi ya ile emoji yenye macho yaliyofumbwa kwa nguvu, nyusi zilizokunjamana na mdomo uliopinda. Kuanzia sasa itasomeka "shikamoo". Mtafsiri ni mimi, Tomasi, Kaimu Mratibu Msaidizi. Makofi si lazima. Ndivyo waraka wangu ulivyoanza.

Tulifungua kundi la WhatsApp ili wakulima wa mpakani mwa Hifadhi ya Mikumi watujulishe tembo wakiingia shambani, nasi tutume askari wa wanyamapori. Badala ya taarifa zenye jina, mahali na idadi ya tembo, zikaja nyuso. Aliyetuma kuliko wote ni Paulina, mama mmoja mwenye shamba la mahindi pembeni kabisa mwa hifadhi. Alfajiri, uso. Magharibi, uso. Herufi hata moja hakuna. Alipiga na simu pia, lakini kupokea simu si utaratibu wetu. Taarifa zote hupitia kundini. Jamani, ofisi ya serikali itafungua jalada gani kwa uso?

Mimi nina diploma, sikwami ovyo. Nikakumbuka siku niliyokwenda Msowero kwenye boma la Mzee Lekishon, mfugaji na mjumbe wa kamati yetu. Wajukuu zake walinijia wameinamisha vichwa, kimya, wakisubiri niwaguse utosini. Ndivyo watoto wa kwao wanavyoamkia wakubwa. Na mmoja alikuwa amefumba macho kabisa! Nikapiga mahesabu: kimya, macho yamefumbwa, anamwelekea mkubwa. Huyo anaamkia, hana jingine.

Kamati ikakaa, chai ikanywewa. Mzee Lekishon akaitazama ile emoji kwenye simu yangu, akaisogeza mbali, akaisogeza karibu.

"Huyu haamkii," akasema. "Huyu tumbo linamkata. Na yule mjukuu wangu alikuwa anaumwa macho."

"Maoni yamepokelewa, mzee," akajibu Mkuu wa Kitengo, Bwana Mwinshehe, na waraka ukatoka siku hiyo hiyo.

Tangu hapo hakuna uso uliokosa majibu. Nilijibu mwenyewe, kwa mkono wangu: "Marahaba." Paulina akituma nyuso nyingi kwa mpigo, nilimwongezea: "Marahaba sana, mwanangu. Hujambo?" Hakurudisha neno. Nikajua ni aibu ya kuongea na wakubwa.

Takwimu zikatupa raha. Adabu ilipanda kwa kasi mahindi yalipobeba, tena mpakani mwa hifadhi kuliko kwingine kote. Watu wa Munisagara, walio mbali na tembo, hawakuamkia hata mara moja, tukawaandikia onyo. Bwana Mwinshehe akaamua Paulina atunukiwe tuzo ya Mwananchi Mwenye Heshima, yaani cheti na saa ya ukutani. Tukapanda gari la ofisi mpaka Mikumi, tukafika jua likielekea kuzama.

Niliambiwa ni shamba. Nilichokiona ni mabua yaliyolala chini na kinyesi cha ukubwa wa ndoo. Kona moja tu ya mahindi ilikuwa imesimama. Paulina alikaa mbele yake na madebe matupu ya kufukuzia tembo, macho mekundu kwa kukosa usingizi.

"Shikamooni," akasema.

"Marahaba," tukaitika, tukishangaa kidogo kwamba ameamkia macho wazi.

Bwana Mwinshehe akakohoa. "Ndugu Paulina, umekuwa mfano wa adabu katika wilaya nzima..."

"Mzee, hii kona ndiyo chakula cha wanangu mpaka msimu mwingine," akamkata. "Ikiliwa hii, tumekwisha. Nimewaita tangu mahindi yanachanua! Mkono mmoja unagonga debe, mwingine ndio unabonyeza simu. Ningewaandikia insha?"

Masikio yaliniwaka moto. Nikaanza kumweleza kuhusu utaratibu, lakini mabua yakavunjika nyuma yetu. Tembo walikuwa wametoka kichakani, dume mbele, wakasimama kati yetu na gari. Saa ya ukutani ikamponyoka Bwana Mwinshehe. Cheti akakiinua kifuani, akajikinga nacho.

Paulina akanitupia debe moja, jingine akampa mkuu. Mkono wangu mmoja ukawa unagonga, mwingine ukatoa simu. Nilitaka kuandika "tembo", wallahi, lakini kwa kidole kimoja, na macho yote kwa yule dume, herufi sizioni. Nikabonyeza kilichokuwa karibu: 😖. Nikabonyeza tena: 😖😖😖.

Jibu likaja papo hapo kutoka ofisini Kilosa, kwa Seleina, karani wetu niliyemwachia kundi, binti anayefuata waraka neno kwa neno.

"Wamesemaje?" akanong'ona Bwana Mwinshehe. "Askari wanakuja?"

"Wameitikia, mzee."

"Wameitikia nini?"

"'Marahaba sana, mwanangu. Hujambo?'"

Paulina hakucheka. Alisimama mbele ya mahindi yake, akainua debe lake juu.

"Basi kama salamu zimefika," akasema, "pigeni madebe."

Tukapiga mpaka kulipokucha, maana gari lilikuwa upande wa tembo, na watu wa kutuma askari ndio sisi.