Tawi la Generosa

Jumatatu, 3 Machi
Mama Wema, bosi wetu hapa Kahama, katangaza kwamba Ijumaa atateua mkuu wa programu. Nani mwingine zaidi yangu? Generosa? Katoka Tinde juzi tu, na tayari kajifungulia tawi lake, yaani nakala ya kurekebishia pembeni, kwenye programu ya mgao, ile inayowagawia mwenye shamba, mwenye duara, yaani shimo la mgodi, na wachimbaji mifuko yao ya mawe ya dhahabu. Eti kakuta kosa kwenye faili langu. Langu!

Jumanne, 4 Machi
Nimeagizwa niunganishe tawi lake na shina, ile nakala kuu. Nikaunganisha! Ila faili lake la mgao lilipogongana na langu, nikachagua la kwangu, la kwake nikalitupa. Kisha nikafungua historia ya faili, orodha ya nani kabadili nini. Generosa hayumo! Nimejipongeza kwa chipsi mayai.

Jumatano, 5 Machi
Nimemwonyesha Mama Wema historia. Jina langu tu, juu mpaka chini. Nikadokeza kwamba wengine huja ofisini kufuata feni. Akatikisa kichwa. Kwa kumsikitikia Generosa, bila shaka.

Alhamisi, 6 Machi
Balaa! Mzee Maduhu, kiongozi wa wachimbaji, kapiga simu: programu imempa mwenye shamba mifuko yao yote. Wameikalia, hawabanduki. Mama Wema akauliza rekebisho la Generosa liko wapi. Nikasema halijawahi kuwepo, historia ni shahidi.

Yule mjuaji Generosa akaeleza kwamba historia ya faili hupita njia ya mkato: matawi yakiungana na faili likabaki kama la upande mmoja, huufuata upande huo na kuuruka mwingine. Akafungua historia kamili. Likatoka tawi lake, likatoka rekebisho lake, na pale yalipoungana, jina langu! Kompyuta mbea kabisa. Nimeamriwa nirekebishe mwenyewe na kumwomba mzee radhi. Nikampigia, shikamoo. Akanikatia simu.

Ijumaa, 7 Machi
Nimerekebisha. Lakini mimi si mjinga: kwanza nikabadili jina kwenye kompyuta, kazi yote ikaandikwa ya Generosa. Ikiharibika, ni lake hilo!

Haikuharibika. Mzee Maduhu kapiga simu kushukuru, wabeja, wabeja sana, mgao umekwisha bila ngumi. Mama Wema akafungua historia kamili, akasoma jina. Generosa akashangaa, akasema hakugusa kitu. Mama Wema akausifu unyenyekevu wake, akamteua papo hapo. Nami nikapiga makofi.

Somo nimelipata. Nilikosea jina. Jumatatu natumia la Mama Wema.