Mkamwana wa Mheshimiwa Mtarajiwa

Jumatatu, 9 Juni 1958. Ilomba.

Viazi vimeungua kwa baridi. Haidhuru! Jumapili tawi letu la chama hapa Mbeya linachagua Mwafrika wa kugombea Baraza la Kutunga Sheria. Ama mimi, Andendekisye, dresa mstaafu wa hospitali, ama Fanueli, karani wa posta, ambaye sifa yake kubwa ni baiskeli yenye taa. Wanachama watapanga mstari nyuma ya wanayemtaka. Wanaume tumegawanyika. Wataamua wanawake, nao wanamfuata Mwalimu Ikupa, kiongozi wa kwaya.

Damari, mke wangu, anasema Ikupa alishamwambia kisimani kwamba atanisemea mkutanoni, kisha atasimama nyuma yangu. Maneno ya kisimani! Mwanasiasa hategemei hayo. Mwanangu Asukile anampenda siku nyingi. Nitapeleka posa kwao, Ikupa awe wetu kabisa.

Alhamisi, 12 Juni.

Ng'ombe wamefika kwa Yotamu, baba yake Ikupa. Amewapokea wote, hata maksai wangu wa kulimia. Asukile anacheka peke yake shambani. Damari alinishauri tungoje uchaguzi upite. Nikamwambia mambo ya Baraza ayaache kwa wenyewe.

Jumamosi, 14 Juni.

Nimekutana na Ikupa njiani. Kuniona tu, akavuta kanga usoni, akarukia mtaroni. Madaftari ya wanafunzi yakazagaa. Wadogo zake wawili wakaruka pia. Heshima safi! Kwetu Wanyakyusa mkamwana hamtazami baba mkwe, hasemi naye, wala halitaji jina lake. Nikapita nimejaa fahari.

Fanueli aliyaona yote akiwa juu ya baiskeli. Akauliza kama sina wasiwasi na kesho. Nikamjibu kwamba mila ni ya njiani na nyumbani. Mkutano wa chama ni jambo la serikali. Akapiga kengele akaenda zake. Wivu.

Jioni nimejaribu koti aliloshona fundi Matano. La kuvalia Dar es Salaam, Barazani. Limenikaa.

Jumapili, 15 Juni.

Sijapata kuona!

Wanawake walijaa ukumbini, Ikupa mbele. Mwenyekiti, Mzee Bushiri, mfanyabiashara wa mjini, akaita jina langu. Nikaingia na koti. Yesu wangu! Ikupa akajifunika, akaruka nje kupitia dirishani. Wadogo zake nyuma. Mashangazi wadogo. Kisha kwaya nzima, maana karibu wote ni ukoo mmoja. Kumbe kwa ng'ombe wale nimewafanya wote wakwe zangu! Mzee Bushiri, ambaye watu wake ni wa pwani, akapanda juu ya meza akiuliza nyoka yuko wapi.

Nikatoka niwarudishe. Wakaingia kwenye mahindi makavu. Kadiri nilivyoita ndivyo walivyozidi kwenda mbali.

Alipoitwa Fanueli wakarudi mmoja mmoja, wakapanga mstari nyuma yake. Wanaume wangu walipouona mstari ule, wakahamia. Nikabaki na Asukile, naye shingo yote imegeukia kwa Ikupa.

Ikupa amenitumia pole kupitia Asukile. Eti alitaka kweli kunichagua, lakini mgongo wa baba mkwe atausogeleaje, na jina langu atalitajaje? Nikamlalamikia Damari.

"Baba Asukile," akasema, "ng'ombe walikwishapita. Ulitaka akutazame kwa macho gani?"

Nimeumia sana. Baraza lile nililitaka kuliko kitu chochote. Nimelia, koti bado mwilini.

Jumatatu, 16 Juni.

Nimelala, nimefikiri, nimeliona kosa. Haraka! Ikupa alipewa siku tatu tu za kunizoea.

Mkutano wa jimbo zima utafanyika Iringa mwezi ujao, na tawi la huko halijachagua mtu. Nasikia katibu wao ana binti, Evarista, ambaye wanawake wote wa mji wanamsikiliza. Huyo atakuwa na mwezi mzima wa kunizoea. Na mwanangu wa pili, Jailos, hana mchumba.

Alfajiri tunaondoka, mimi na Jailos, na ng'ombe wawili waliobaki. Yeye anadhani tunakwenda mnadani.