Dumuzi wa Nzomo

Jumatatu, 3 Machi
Joto kali hapa kituo cha utafiti. Miaka thelathini na moja nakamata wadudu, nawatia kwenye spiriti, nawaandikia lebo. Septemba nastaafu. Hakuna mdudu hata mmoja mwenye jina langu! Kimeu, dereva tu, ana buibui. Mtafiti mgeni alimpa zamani kwa sababu Kimeu alilikwamua gari lake mchangani huko Tseikuru. Buibui anaitwa kimeui. Leo saa ya chai amemtaja mara nne, kisha akaniuliza mbele ya watu kama mimi nimepewa hata inzi. Wakacheka. Nikameza chai ya moto, ulimi ukaungua.

Jumanne, 4 Machi
Jioni Ndunge, mke wangu, alikuwa anachagua ndengu kwenye ungo. Akaniita kwa hasira. Akasema, "Baba Kasyoka, dumuzi wako wa kazini wamehamia kwangu." Nikachungulia. Dumuzi wadogo wanaotoboa punje, mgongo mwekundu, miguu ya manjano. Sijawahi kuwaona! Nimekamata kumi na wawili. Ndunge amesema kwa kuwa nimewapenda hivyo, gunia lililobaki nichague mwenyewe. Nimechagua mpaka kiuno kikagoma. Sijali.

Alhamisi, 6 Machi
Daktari Sahara, bingwa wetu wa wadudu, ameinama kwenye hadubini nusu saa nzima. Mwishowe akasema, "Mzee Nzomo, huyu hana jina." Nikakohoa, nikamwambia kwamba Nzomo ni jina fupi, rahisi kuandika. Hakucheka. Akanieleza taratibu: jina la kwanza ni la jamii ya mdudu, herufi kubwa. La pili ni lake mwenyewe, herufi ndogo, kwa mtindo wa Kilatini. Akipewa mwanamume, linaishia na i. Nzomoi! Nimeliandika mara ishirini nyuma ya bahasha.

Halafu akaniharibia siku. Anayeandika makala ya kumtangaza mdudu hampi jina lake mwenyewe. Si kwamba atafungwa, lakini ni aibu, kama kujiimbia sifa kanisani. Makala tunaandika pamoja, kwa hiyo nichague: niwe mwandishi au niwe dumuzi. Kwa kawaida, akasema, jina anapewa aliyempata.

Kuchagua? Mimi nataka yote mawili.

Ijumaa, 7 Machi
Nimepata njia! Kwenye fomu, mahali pa aliyempata mdudu, nimeandika: Bi. Ndunge Nzomo. Jina la mwisho si ni langu? Daktari Sahara akaniuliza kama kweli ni mama aliyempata. Nikasema ndiyo. Ni kweli tupu, tena nikaona haya, maana sijazoea mipango yangu kuwa na ukweli ndani yake. Amefurahi sana. Amesema wanawake wanaochagua nafaka hukosa kutambuliwa. Nikaitikia kwa kichwa kama mzee wa kanisa.

Jumatatu, 22 Septemba
Makala imetoka. Kituo kimepika pilau ya kuniaga. Ndunge alialikwa, akaja na kitambaa kipya kichwani. Nilikuwa nimemwambia Kimeu akae mbele, asikose kuona.

Daktari Sahara akaangaza jina ukutani kwa projekta. Nzomoae.

Nikauliza nani amekosea kuandika. Akasema hakuna kosa, la mwanamke huishia na ae. Nikaomba libadilishwe. Akasema likishachapishwa limechapishwa, dunia nzima. Kimeu alicheka mpaka akaketi chini. Kisha akaja na chupa, akaniuliza kwa heshima zote, "Mama Nzomo, utapenda soda?"

Ndunge hakucheka. Alipewa picha ya dumuzi ndani ya fremu. Akaishika kwa mikono miwili, akasema, "Nimechagua ndengu tangu nikiwa msichana. Hakuna mtu amewahi kuniuliza nimeona nini." Machozi yakamtoka.

Nikapiga makofi. Mikono ilikuwa mizito, lakini nilipiga.

Jumatano, 24 Septemba
Picha iko sebuleni. Majirani wanakuja kuitazama tangu asubuhi. Nimechemsha chai birika tatu. Nimechoka.

Lakini! Nyuma ya kanisa nimeona mmea wenye miiba miwili-miwili na ua jeupe. Nimempelekea Mulinge, mtaalamu wa mimea. Anadhani ni mpya, na anataka tuandike pamoja. Safari hii sifanyi mchezo. Kwenye fomu nimemwandika ndugu yangu, Muindi Nzomo. Mwanamume! Hakuna ae hapo.

Mulinge alikuwa anasema kitu, kwamba yeye hupenda kutumia jina la kwanza la mtu. Sikumsikiliza vizuri. Nilikuwa natafuta ukuta wa kutundika fremu.