Fikira, Herufi Sita

Jumatatu, tarehe 6 Mei

Ukungu. Mto umelala chini ya mierebi kama mtu asiyetaka kuamshwa. Nami vilevile. Chai, mkate wa kubanika, jamu ya machungwa. Kisha uonevu!

Uonevu wenyewe uko ukurasa wa mwisho wa gazeti letu la chuo: chemshabongo ya "Bundi". Kila mtu anajua Bundi ni Dakta Philippa Wragg, anayenifundisha falsafa. Kidokezo: "Kura zilizochakachuliwa, chupa (4)". Nikajaza WIZI, herufi nne, kwa wino, kwa fahari ya raia. Jibu lilikuwa RUKA! Eti "zilizochakachuliwa" huamuru herufi za KURA zivurugwe, na "chupa" si ya soda, ni kuruka. Je, hii ndiyo haki? Umma mzima unatafuta chupa, kumbe chupa keshachupa!

Nikamwendea Imogen Tarrant, mhariri, nikamhutubia juu ya ukandamizaji. Alisikiliza huku akitafuna penseli. Mwishowe akaniambia Bundi anastaafu na kiti chake ki wazi. Nitunge chemshabongo ya Jumatano. Akipatikana msomaji wa kuijaza yote sawasawa kufikia Ijumaa, kiti ni changu. Mmoja tu, Kamanda, akasema, na mama yako hahesabiki.

Jumanne, tarehe 7 Mei

Nimetunga nikiwa nimelala chali mashuani. Upondo ulikwama topeni. Nikauacha huko huko. Mashua ikaenda ilikotaka. Herufi zikashuka kutoka mierebini, zikatua majini kama mabata: F mbele, A ikisuasua nyuma. Zikabadilishana nafasi bila kushurutishwa na yeyote. Demokrasia!

Hapo nikaiona nuru. Kila kidokezo hubeba mambo mawili: maana ya jibu, na mchezo wa kulifikia. Nani aliyeamuru hivyo? Maana ni mkongojo wa wavivu. Neno la kuamuru herufi zivurugwe ni filimbi ya askari. Nimevifuta vyote viwili! Kidokezo cha kumi na saba, kilele cha kazi yangu, ni neno moja lililo uchi: "Fikira (6)". Jibu lake ni zuri mno, lilinitoa machozi. Sikuliandika popote. Kichwa cha mwanamapinduzi hakipekuliwi.

Nimerudi kwa kupiga maji kwa viganja.

Jumatano, tarehe 8 Mei

Nimechapishwa! Jina langu la kazi ni "Radi". Bwaloni, wanafunzi wa hisabati walijaribu chemshabongo yangu hadi supu ikapoa, kisha mmoja akaikunja ikawa kofia na kuivaa. Wivu.

Dakta Wragg alinikuta kwenye ngazi za maktaba. Kijana, akaniambia, kidokezo kina ruhusa ya kunipotezea njia, lakini hakina ruhusa ya kuing'oa njia yenyewe. Nikamjibu kwamba njia ni mali ya umma. Akauliza umma huo, sasa, upite wapi. Swali la kibwanyenye!

Alhamisi, tarehe 9 Mei

Hakuna jibu hata moja lililofika kwa mhariri. Umma bado umelala. Lazima mtu aote kwa niaba yake. Kwa hiyo nimemzaa Bibi Ottoline Sparrow: mjane, miaka themanini, paka wawili, mpenzi wa chemshabongo. Bibi huyu atajaza yote sawasawa. Nani amshuku?

Tulikwenda vizuri, mimi na Bibi, hadi kidokezo cha kumi na saba. "Fikira (6)". Jibu ni nini? Sikumbuki! Herufi ya nne ni I, nyingine giza. Nikarudi mtoni, nikalala majanini ili ndoto inirudie. Ikaja nusu yake: mwanga wa kijani, mabata, Imogen darajani akila chipsi zenye siki, shali ikipepea. Alinipungia mkono, au alikuwa akifukuza nyigu. Herufi zikagoma kutua.

Nikajaza SHAIRI. Sita! I iko pahala pake! Nikatia saini, nikapeleka.

Ijumaa, tarehe 10 Mei

Majibu mawili mezani kwa Imogen, yanalingana kila mahali ila hapo. Bibi Sparrow: SHAIRI. Dakta Wragg: RAFIKI. Imogen akaniuliza lipi ni sahihi.

R, A, F, I, K, I. Fikira zilizovurugika! Moyo ulinipasuka. Nikaikumbuka mashua, na nikakumbuka nilikuwa nikimfikiria nani. Lakini Bundi? Bundi anikabidhi kiti kwa kukitegua kidokezo changu? Kamwe! Nikasimama, nikatangaza kwamba jibu ni SHAIRI, kwa kuwa shairi ni fikira iliyovaa viatu.

Imogen akaniuliza kama naapa. Nikaapa.

Akanigeuzia karatasi ya Bibi Sparrow. Chini ya jina, kwa mwandiko wangu mnene, kaulimbiu ninayofungia kila hotuba: "Mapambano yanaendelea!" Huyu bibi wa paka naye ni mwanachama wako, Kamanda? Nikasema harakati zetu zina mizizi mirefu. Akacheka hadi akashika meza. Kisha akaacha kucheka. Bibi ameenguliwa, Dakta kakosa, kwa kiapo changu mwenyewe, basi hakuna aliyepata. Bundi ameombwa abaki. Pole, akasema taratibu, akikusanya karatasi. RAFIKI lingenipendeza.

Jumamosi, tarehe 11 Mei

Mvua nyepesi juu ya mto. Dakta Wragg ameniachia ujumbe: wazo lako lilikuwa zuri, kijana, ungeongeza maneno mawili tu, "Fikira zilizovurugika: mwandani". Maneno mawili! Hivyo ndivyo utumwa unavyoanza.

Nimelala chali tena, na sasa naona wazi kosa lilikuwa wapi. "Fikira" lilikuwa neno moja zaidi ya haja. Kidokezo changu kijacho kitasomeka hivi: "(6)". Jibu lake sijaliamua.

Bibi Sparrow ameshalipata.