Darubini na Karoti Zake

Mtu mwenye macho makali kuliko wote duniani alikuwa jirani yangu, na aliyelitangaza hilo ni yeye mwenyewe.

Mimi hushona viatu, yeye hushona nguo, baraza letu moja. Jina la Darubini alijipachika siku aliyodai kumwona sisimizi akipiga miayo ng'ambo ya barabara. Nani angebisha? Sisi wengine hata huyo sisimizi hatukumwona!

Basi umri ukabisha hodi. Akilenga tundu la sindano, uzi unaingia puani.

"Baba watoto," mkewe akamwambia, "kapime macho, uvae miwani."

"Miwani? Mimi?" Aliruka kama aliyekalia pasi ya moto. "Miwani ni ya watu wasiojua kula!"

Alikuwa amesikia redioni kwamba vitamini A husaidia macho. Kweli kabisa. Lakini Darubini ukimwonjesha ukweli kijiko, yeye hunywa sufuria nzima. Asubuhi karoti, mchana boga, jioni papai, na katikati hapo karoti nyingine asije akasahau ladha! Wiki ya sita viganja vikawa na rangi ya chungwa, uso nao ukafuata. Mbuzi wa mtaani akaanza kumwandama kwa matumaini.

"Dawa inafanya kazi!" akajigamba. "Sasa hivi nakuona wazi, fundi viatu."

Alikuwa akizungumza na cherehani.

Siku ya harusi ya kijana mmoja mteja wetu ikafika. Kijana alikuja kuchukua koti akiwa na dada yake, muuguzi wa zahanati. Gari lilikuwa linanguruma nje. Msajili wa ndoa aliwapa saa nne kamili. Wakichelewa, wangoje mwezi mzima.

Darubini alikuwa amekaa, koti mapajani, akimalizia pindo kwa mkono. "Vaa, bwana harusi! Mshono huo hata tembo hang'oi!"

Darubini akainuka kumvisha. Kijana akavaa, akapiga hatua. Darubini naye akapiga hatua.

Lo! Alikuwa ameshona pindo la koti pamoja na suruali yake mwenyewe!

"Ivue hiyo suruali!" kijana akafoka.

"Mbele ya dada yako?"

Nikachomoa kisu changu cha kukatia ngozi. Darubini alipoona kinaelekea wapi, alipiga yowe la kuamsha wafu. Nikakirudisha.

Muuguzi akavua miwani yake. "Mzee, vaa hii ufumue mwenyewe. Vitamini A unayo ya kutosha ukoo mzima! Inakusaidia kuona kwenye giza jepesi, inatunza ngozi, inakinga maradhi. Lakini jicho la miaka hamsini na tano hailirudishi kuwa la ishirini. Karoti zilizozidi zimekupaka rangi tu."

Tukamtazama. Akaisukuma miwani kando.

"Miwani sivai," akasema. "Bora niende harusini!"

Akaenda! Waliingia ofisini kwa msajili nyonga kwa nyonga, bwana harusi mweusi tii kwa suti na fundi wa rangi ya boga. Mkewe, aliyekuwa miongoni mwa waalikwa, akajifunika uso kwa kiganja. Nilimhurumia shemeji yangu, wallahi.

"Shahidi wa bwana harusi ni nani?" msajili akauliza.

"Huyu," kijana akajibu kwa unyonge. "Maana habanduki."

Msajili akasogeza daftari. "Weka sahihi kwenye mstari wa shahidi, bwana. Unauona?"

"Nauona mpaka nyuzi za karatasi!" Darubini akasaini kwa madaha, akaongeza na mkia chini yake.

Msajili akainama kusoma. Akafuatisha mstari kwa kidole. Akainama tena.

"Bwana, umesaini pa bwana harusi."

Bibi harusi akaangua kilio. Mke wa Darubini akainuka taratibu, akafungua pochi, akatoa miwani yake ya kusomea.

"Vaa, baba watoto," akamwambia kwa upole. "Usome mwenyewe umeoa nani."