Neno Lisilotamkwa Kliniki kwa Bi Earline

Jumatatu, 13 Januari

Leseni ya unesi imefika! Mimi, Lucien Fontenot, mwenye shahada ya falsafa ambayo haijawahi kuninunulia hata mkate, sasa ni nesi halali wa jimbo la Louisiana. Nimeibandika kwenye friji. Mama ameitazama, akauliza kama sasa naweza kumwandikia dawa ya goti. Bado, nikamwambia, kwa mara ya mia. Chuoni kwetu unaingia na shahada yoyote ile, unafundishwa unesi mpaka upate leseni, kisha unaunganisha moja kwa moja mpaka uwe nesi bingwa. Huyo ndiye anayepima, anayetaja ugonjwa na kuandika dawa. Mama akasema kumbe nimefika katikati ya daraja tu. Akanipakulia wali na maharage mekundu, maana mjini kwetu Jumatatu ni siku ya maharage.

Tatizo ni hili: kila mwanafunzi ajitafutie nesi bingwa wa kumsimamia kliniki. Mwisho Ijumaa. Ukikosa, unakaa mwaka mzima ukingoja, na mimi nina miaka thelathini na sita na bado nalala chumba changu cha utotoni. Nimepiga simu mji mzima. Amebaki mmoja, Bi Earline Guidry wa mtaa wa Gentilly, mwenye nafasi moja. Odette Arceneaux wa darasa letu naye anamnyemelea. Odette alikuwa mhasibu na hupanga kalamu zake kwa urefu. Simwogopi. Nina mpango!

Jumanne, 14 Januari

Mpango wenyewe: keki ya wafalme, ile ya kanivali inayofichwa mtoto mdogo wa plastiki ndani. Msimu ndio huu, na Bi Earline anapenda vitamu, nimeulizia. Anayemkuta mtoto huyo kwenye kipande chake ndiye anayeleta keki inayofuata. Kwa hiyo nikamchomeka mtoto mwenyewe, upande wa sukari ya kijani, nikaweka alama kwa kucha. Ningempata mimi, ningeitwa tena kesho, na keshokutwa, mpaka wanizoee.

Nikafika. Odette yuko hapo hapo, ameketi, kalamu mkononi. Bwana Alcide wa mapokezi, mtu mkubwa kama kabati, akanipokea keki, akaizungusha ili aikate vizuri. Alama ikapotea! Odette akauma kipande chake, akatoa mguu mdogo wa plastiki mdomoni. Kliniki nzima ikapiga makofi. Bi Earline akamwambia, "Haya mwanangu, kesho tunakusubiri wewe." Mimi akaniambia asante kwa keki.

Jumatano, 15 Januari

Nimekwenda kama mgonjwa. Kikohozi cha kubuni, kikavu, chenye heshima zake. Nia yangu ilikuwa kujitajia ugonjwa kwa Kilatini mpaka Bi Earline ashangae.

Hakushangaa. Alinisikiliza mgongoni muda mrefu mno, hata nikaanza kujiuliza anasikia nini humo. Akaniuliza nalala saa ngapi, nakula nini, mama yangu hajambo, nyumba ina ukungu au haina. Maswali ya ajabu! Nilitaka kuuliza kila moja linaelekea wapi. Kisha akanivalisha stetoskopu, akaniambia nijisikilize mwenyewe. Nikajisikiliza. Nikataja magonjwa manne. Akasema, "Mwanangu, unalolisikia ni friji la chanjo." Mapafu yangu ni mazima. Ila presha iko juu, nipunguze chumvi na hila.

Odette alileta keki mbili. Watu wengine hawana haya.

Wakati wa kutoka, Bwana Alcide akaniita pembeni. Bi Earline anataka mimi na Odette tuje kesho, atutazame tukifanya kazi, Ijumaa achague. Akaongeza onyo. Humo ndani naweza kumtukana hata gavana, hakuna atakayejali. Lakini nisije nikasema kwamba kliniki imetulia. Manesi wote wanalijua hilo. Ukilitamka tu, balaa linaingia mlangoni. Nikamuuliza nani amelipima jambo hilo. Akanitazama kama nimemuuliza nani amepima jua.

Sasa silali. Je, ni kweli? Inakuwaje neno lijue njia ya kwenda kuwaita wagonjwa?

Alhamisi, 16 Januari

Lazima niandike.

Asubuhi hapakuwa na mtu. Viti vitupu, feni inazunguka. Odette alikuwa amepanga sindano zote, bandeji zote, mpaka vikombe vya mkojo, na Bi Earline alikuwa anamtazama kwa upendo. Nikaona napitwa. Nikafikiri: kama neno ni uongo, nimevunja ushirikina, nimekuwa msomi. Kama ni kweli, watakuja wagonjwa na mimi nitang'ara. Pande zote faida! Na tuseme ukweli, nilitaka tu kujua.

Nikasema, kwa sauti: "Leo pametulia kweli."

Bi Earline akaweka kahawa chini. Bwana Alcide akagonga meza kufukuza nuksi, akagonga mlango, akakosa kitu kingine cha mbao akagonga kichwa changu. Odette akanong'ona, "We Lucien, una wazimu?" Mimi nikatazama saa.

Basi likasimama nje. Chama kizima cha kusaidiana na kustarehe, wazee waliokuwa wakifanya mazoezi ya gwaride la kanivali, wamekula chaza wabichi wa bei ya kutupa. Wakaingia na manyoya yao na miavuli yao ya nakshi, wameshika matumbo. Wakatapika kwenye ndoo, kwenye miavuli, mmoja ndani ya tarumbeta. Choo kikaziba. Odette akasimama katikati kama nguzo, anatundika dripu bila kukosea hata mara moja. Mimi nilikimbia na ndoo. Sikung'ara.

Kwenye kona alikuwapo mzee, Bwana Ferdinand, katulia, kofia magotini. Hatapiki. Hilo likanisumbua. Nikamuuliza amekula chaza wangapi. Hata mmoja, akasema, hawapendi, amemsindikiza mkewe tu. Sasa mbona anatoka jasho hivyo na feni iko juu yake? Akasema nisipoteze muda, niwashughulikie wagonjwa. Nikachuchumaa, nikauliza tena. Amelalaje? Anaumwa popote? Akasema ni taya tu, tangu asubuhi, labda jino. Jino gani? Akacheka kidogo, akasema meno yote ni ya bandia.

Nikapiga kelele kumwita Bi Earline. Sijawahi kupiga kelele vile. Kipimo cha moyo kikaonyesha wazi: ulikuwa unakufa taratibu, bila fujo. Mzee akatafunishwa aspirini, gari la wagonjwa likaja, mkewe akapanda naye, ndoo mkononi. Niliogopa sana. Bado naogopa.

Ijumaa, 17 Januari

Bwana Ferdinand yu hai! Wameuzibua mshipa wa moyo, anadai kofia yake.

Bi Earline alituita wote wawili. Akasema Odette ana mikono mizuri kuliko yote aliyoiona, ila mikono peke yake haimtoshi nesi bingwa. Mimi sina mikono kabisa, hiyo itakuja, ila nilimuuliza mzee swali la pili baada ya yeye kunifukuza, na hilo Bi Earline hajui kulifundisha. Nafasi ni yangu! Nikalia mbele ya Odette, sijali.

Kwa ajili ya Odette, Bi Earline amempigia simu rafiki yake, nesi bingwa wa Metairie, naye amempokea leo leo. Nasikia kliniki ile ina mashine ya kahawa na choo kisichoziba. Sijui kwa nini sikupelekwa mimi.

Sharti moja tu, akasema Bi Earline akiwa amenishika sikio. Lile neno nisilitamke tena humu ndani. Nikaapa kwa roho ya bibi yangu.

Jumatatu, 20 Januari

Siku ya kwanza kama mwanafunzi wa unesi bingwa. Viti vitupu. Feni inazunguka. Nimevumilia tangu asubuhi. Lakini jaribio moja si ushahidi, hilo walitufundisha kwenye falsafa na kwenye unesi pia. Huenda Alhamisi ilikuwa bahati mbaya tu. Na niliapa kutolitamka. Kunong'ona ni jambo jingine.

Nikaingia stoo, nikafunga mlango, nikalinong'oneza friji la chanjo lile neno. Polepole kabisa. Nilitaka tu kujua kama kunong'ona nako kunahesabika.

Kunahesabika. Nje yamesimama mabasi mawili.